Tezo la Mzee Halikupanda Ndege

Tangu nirudi, banda zima limekuwa likiniuliza habari za Ujerumani. Mmeuliza kama ni kweli watu wa huko hula viazi kila siku, kama theluji ina ladha, na kama mtu akikohoa ndani ya ndege anahamishwa kiti. Nimejibu yote. Lakini nimewaona pia mkitupia macho gogo langu la kazi, mkitazamana, mkinyamaza. Swali lenyewe hakuna aliyethubutu kuliuliza ila Kioko, ambaye adabu ilimpita kando: "Kyalo, tezo la mzee liko wapi?"

Nimelieleza jambo hili mara nyingi mpaka limeanza kuota mkia. Juzi nimesimuliwa safari yangu mwenyewe, na ndani yake mlikuwa na mbwa wa polisi. Hakukuwa na mbwa. Ndiyo maana nimeketi kuandika, ili atakayeuliza tena apewe karatasi asome.

Na kama karatasi itamfikia mtu asiye wa banda letu, ajue hivi. Sisi ni wachongaji wa vinyago, na tezo ndilo jembe letu: chuma kifupi chenye makali mapana, kimechomekwa kwenye mpini wa mti, nawe unachonga kwa kulivuta kuja kwako. Mpini huchongwa kwa kipimo cha kiganja cha mwenyewe, kwa hiyo hatuazimani. Kushika tezo la mwenzako ni kama kuvaa kiatu chake. Chuma cha langu kilifuliwa kutoka springi ya lori kabla sijazaliwa. Baba alikitumia maisha yake yote, na alipochoka akanipa mimi, nikauchonga mpini wangu. Sasa nilikuwa nimealikwa Ujerumani kwenye maonyesho ya kazi za mikono, nichonge mbele ya watu kwa siku sita. Bila tezo hilo ningekwenda kufanya nini huko? Kuimba?

Habari za pasipoti na viza siziandiki. Foleni zile mnazijua, maana mlinichangia nauli ya kwenda kuzipanga.

Kutoka Wamunyu hadi Jericho

Ndege ilikuwa ya Jumanne, asubuhi na mapema. Nikaamua kuondoka nyumbani Jumatatu kungali na umande, nipate siku nzima ya kustarehe Nairobi. Nilikuwa nimeipanga vizuri. Ningefika Jericho kwa kaka yangu Mutinda, ninywe chai, nilale usingizi wa mchana kama mtu mkubwa. Jioni mpwa wangu Mwende, binti wa marehemu dada yetu, angenichukua kwa gari anipeleke kwake Tassia, ambako ndege zinapita juu ya paa mpaka sufuria zinalia. Nioge, nilale, niamke, niruke. Jina langu Kyalo kwa Kikamba ni safari, na kwa miaka hamsini na miwili nilikuwa nimelibeba bure. Mbali kabisa nilikowahi kufika ni Mombasa, na huko nako nilipeleka vinyago nikarudi kesho yake.

Nilipanda pikapu ya Kioko, aliyekuwa anapeleka kuku wa kienyeji sokoni Jericho. Begi langu dogo likakaa miguuni, tezo likakaa mapajani, limefungwa kwa leso ya mke wangu. Mchongaji halitupi tezo nyuma ya gari, tena pamoja na kuku.

Kabla ya kufika barabara kuu ya Mombasa, gurudumu likatoa pumzi. Kioko akashuka kubadilisha, na katika kutafuta jeki akafungua tenga badala ya sanduku la vifaa. Kuku saba wakaiona nafasi. Mimi nilikuwa na tezo mkononi, kwa hiyo kazi yangu ikawa kuelekeza: "Yule pale! Huyo mwekundu!" Aliyewakamata hasa ni mama mmoja aliyekuwa anasubiri gari pale, amevaa suti nyeupe ya kanisani na kofia. Alivua viatu, akakunja sketi, akawarudisha kuku watano kabla sijamaliza kuelekeza.

"Na wewe mzee," akaniambia akihema, "hiyo leso umebeba ni mtoto?"

"Ni tezo, mama."

"Basi liweke chini ushike kuku."

Sikuliweka. Kuku wawili mpaka leo wanaishi porini, na Kioko anasema ni makosa yangu. Ninyi amueni wenyewe.

Jericho: chai ya kaka

Mutinda ni kifungua mimba wetu, ana miaka sitini na sita. Alikuwa karani wa manispaa tangu ujana wake, na akastaafu akabaki kwenye nyumba ileile ya Jericho, zile nyumba za zamani zilizoshikana mabega, zenye uwanja wa pamoja mbele, kamba za nguo na maua ndani ya makopo ya rangi. Mke wake Damari alifariki mwaka juzi. Tangu siku ya mazishi, kaka alikuwa hatoki. Majirani walimletea gazeti na maziwa, yeye akakaa kwenye kiti mlangoni tangu asubuhi hadi jua lizame, akitazama nguo za watu zikikauka. Nilikuwa nikimpigia simu kila Jumapili, na mazungumzo yetu marefu kabisa yalikuwa hivi: "Uko salama?" "Niko." "Umekula?" "Nimekula." "Haya."

Kuna jambo jingine inafaa mlijue. Mutinda alijifunza kuchonga kabla yangu. Wazee wanaomkumbuka wanasema mkono wake ulikuwa mwepesi. Lakini akiwa na miaka ishirini na kitu alipata kazi ya ofisi, akamwambia baba kwamba yeye atashika kalamu. Baba hakusema neno. Miaka ikapita, tezo likaja kwangu, mimi kitinda mimba, na Mutinda naye hakusema neno. Katika familia yetu kutosema neno ni kipaji.

Nilimkuta mlangoni vilevile. Alinipa mkono, akanitazama juu hadi chini.

"Umenenepa."

"Ni koti, kaka."

"Haya. Ingia."

Chai alipika mwenyewe, nzito, yenye tangawizi ya kumwamsha aliyezimia, na akanipakulia muthokoi, yale mahindi ya kukoboa na maharage, uliokuwa na chumvi ya watu kumi. Nikala. Nikasifu. Akasema, "Usiniongopee, Damari ndiye alikuwa anajua." Kisha tukasikiliza redio ya jirani.

Nikafungua leso ili nilipake tezo mafuta. Kaka alinyoosha mkono bila kuomba. Alilishika, akapitisha kidole gumba kwenye makali, polepole, na nikaona uso wake ukifanya kitu ambacho sikuwa nimekiona siku nyingi. Ulikunjamana kwa hasira.

"Nani ananoa hili?"

"Mimi."

"Unalinoa upande mmoja. Tazama, limeinama kama bega la karani. Mzee akiliona hivi atafufuka akuchape."

Hiyo ndiyo iliyokuwa hotuba yake ndefu zaidi kwa miaka miwili, nami nilifurahi kutukanwa. Akaenda uani, akarudi na jiwe la kunolea ambalo sikujua kama analo, akalimwagia maji, akaanza kazi. Nililala usingizi wangu wa mchana kwenye kochi nikisikia chuma kikilia juu ya jiwe, na niliota niko nyumbani.

Niliamshwa na sauti ya Mwende, aliyekuja saa saba tu badala ya jioni. Mpwa wangu huyu anaendesha teksi ya kuitwa kwa simu, na wateja wake wengi ni watu wa uwanja wa ndege. Alikuwa amesimama mlangoni na funguo za gari mkononi, anatazama tezo kwenye magoti ya Mutinda.

"Anko Kyalo, niaje! Uko ready? Na hiyo kitu ni ya nani?"

"Yangu. Naenda nayo."

"Unaenda nayo wapi?"

"Ujerumani."

Mwende akacheka. Alipoona sicheki, akaacha. "Manze, Anko! Hiyo haipandi ndege! Wale wasee wa sekyuriti wakiiona kwa begi ya mkono watakushika hadi Krismasi. Inafaa iende kwa mzigo wa chini. Si uko na mzigo wa chini?"

Hapo ndipo mambo yalipoharibika. Sikuwa nao. Walionialika walipiga simu miezi miwili kabla, wakaniuliza kama nitakuwa na mzigo, nami nikajibu sina. Magogo ya kuchonga yalikuwa kulekule. Nguo zangu ni za begi dogo. Na hakuna mchongaji wa banda letu, hata mmoja, nyoosheni mkono kama naongopa, angehesabu tezo kuwa mzigo. Ukiulizwa kama una mzigo, unautaja mkono wako? Basi wakanikatia tikiti ya begi la mkononi peke yake.

Mwende alipiga simu Ujerumani. Ilikuwa sikukuu kwao, hakuna aliyeshika. Akapiga simu kwa watu wa ndege, wakamjibu kwa sauti tamu kabisa kwamba tikiti ya kikundi haiongezwi mzigo, hata uwanjani, ila na aliyeinunua. Nilijiona nimesimama mbele ya ukumbi wa Wajerumani, nimekunja mikono, natabasamu kwa siku sita.

"Kuna mwenzako mwingine anaenda?" Mwende akauliza.

Alikuwapo mmoja.

Lucky Summer: chuma na chungu

Mwenzangu alikuwa Mama Nekesa, mfinyanzi, mzaliwa wa Bungoma anayeishi na wanawe mtaa wa Lucky Summer, hukohuko Nairobi. Tulikuwa tumekutana mara moja tu, siku ya kupiga picha. Yeye alikuwa na mzigo wa chini kwa sababu vyungu havibebwi mapajani. Mpango ukawa mwepesi: tumfikie, tumwombe aliingize tezo katika sanduku lake, turudi Tassia kabla ya giza.

Tuliaga Jericho upesi. Kaka alinirudishia tezo likiwa linang'aa, akasema tu, "Wakikataa, usilitupe." Nilikasirika kidogo. Mimi nilitupe?

Njiani magari yalisimama kama yamepandwa. Mwende alinunua njugu dirishani, akanieleza maisha ya kila mtu anayemjua, na kila nikianza kuhuzunika ananiambia, "Anko, tulia, itaweza." Ilituchukua muda wa kuchemsha maharage.

Mama Nekesa alitupokea kwa vigelegele. "Karibuni! Karibuni mukae! Mumekuja wakati mzuri, ugali iko karibu kuiva."

"Mama, tumekuja na haraka kidogo," nikaanza.

"Haraka ya nini? Ndege ni kesho. Kwangu mugeni haendi na tumbo baridi. Ataongea nini huko mbele?"

Ukaletwa mchuzi wa kuku, ugali wa wimbi mweusi na mrenda, ile mboga ya majani inayoteleza. Na hapa nikafanya kosa. Nilikuwa nimeshiba muthokoi, na niliona firigisi iko juu ya bakuli. Nikamwekea Mwende kwenye sahani yake, nikidhani naonyesha ukarimu. Mama Nekesa akanitazama kama niliyefuta kiatu kwa kitambaa cha meza.

"Baba Kyalo. Hiyo ni yako. Kwetu hiyo ni ya mugeni mwanaume mukubwa. Ukiitoa, unaniambia hujakubali nyumba yangu."

Mwende, ambaye tayari alikuwa ameitia mdomoni, akaacha kutafuna. Niliomba msamaha mpaka jasho likanitoka. Mwishowe Mama Nekesa akapasuka kwa kicheko, akanipa paja zima kama faini, nami nikalimaliza kwa machozi. Ndipo nikathubutu kumweleza shida yangu.

Alisikiliza vizuri. Kisha akanipeleka chumba cha ndani akanionyesha sanduku. Ndani yake mlikuwa na vyungu kumi na viwili, kila kimoja kimevikwa fulana ya mtoto, soksi, taulo, katikati kumejazwa majani makavu ya migomba. Sanduku alikuwa amelipima kwa mizani ya jirani mwenye bucha.

"Kilo ishirini na tatu kamili," akasema. "Nimetoa hata Biblia kubwa, nimebeba ile ndogo. Hiyo chuma yako ni kilo ngapi?"

"Moja na nusu. Labda mbili."

Alikaa kitandani. Nilimwona akihesabu vyungu kwa macho, kimoja baada ya kingine, akitafuta cha kuacha. Alifika mpaka kwenye kidogo kilichovikwa soksi nyekundu, akakitoa, akakishika.

"Hiki nilitengeneza siku mujukuu wangu alizaliwa," akasema. "Lakini kama ni lazima."

Nawaambia ukweli, nilitamani kusema ndiyo. Mdomo ulikuwa umeshafunguka. Lakini nilitazama zile fulana na soksi, nikawaza chuma cha springi ya lori kikirukaruka ndani yake kutoka hapa hadi Ulaya.

"Hapana, mama. Chuma na chungu havisafiri pamoja. Nitavunja vyote."

Alishusha pumzi ndefu akakirudisha chungu chake. "Mungu akubariki. Nilikuwa naomba ukatae."

Tukaondoka na mfuko wa mahindi ya kuchoma ambao hatukuuomba, na tezo mapajani mwangu vilevile.

Tassia: ghorofa ya tano

Mwende anakaa ghorofa ya tano katika jengo ambalo ngazi zake zilijengwa na mtu asiyewapenda binadamu. Nilipofika juu nilikuwa nimesahau Ujerumani iko upande gani. Nyumba yake ni chumba na sebule, safi, na roshani yake inatazamana na roshani nyingine mia, zote zimetundika nguo.

Tulikaa tukajadili. Mwende akatoa suluhisho. "Anko, si uiache hapa kwangu? Ukirudi unaipata."

Nikatazama jikoni. Niliona kisu kilichotumika kufungulia kopo la rangi, na mwiko wenye alama ya nyundo. Nampenda mpwa wangu kuliko maneno, lakini vyombo mkononi mwake havizeeki kwa amani.

"Utapasulia mifupa ya supu," nikasema.

Hakukana. "Kama ni soft tu, Anko."

Nikafikiria kuahirisha safari, na hilo nililifikiria kwa dhati, si kwa mchezo. Kwa saa nzima nilikuwa mtu asiyekwenda. Kulikuwa na utulivu fulani ndani yake: ningerudi Wamunyu, ningechonga twiga wangu, na ninyi mngenicheka mwaka mmoja tu. Kisha nikakumbuka mlivyochanga. Nikampigia Mutinda, nikamwambia mambo yote, na kwamba asubuhi Mwende atampelekea chuma cha tezo akihifadhi, kwa kuwa yeye anajua chuma kisipopakwa mafuta kinashika kutu.

Redio ya jirani yake nikaisikia.

"Mpini uko namna gani?" akauliza.

"Mpini unaenda nami. Labda huko watapata chuma cha kuchomeka humo."

"Usikitoe mwenyewe. Utaupasua mpini. Nakuja."

"Kaka, utakuja na nini? Huku ni Tassia."

Akakata simu. Mimi na Mwende tukatazamana. Mtu huyu alikuwa hajavuka uwanja wa nguo tangu mazishi. Mwende akachukua funguo za gari, akaanza kumpigia simu, haikushikwa. Tukasimama roshani tukitazama chini, na sitawaficha, niliogopa. Nilijiambia nimemtoa mzee nyumbani kwa ajili ya kipande cha chuma, na mji wenyewe una haraka.

Jua lilikuwa linaelekea kuzama tulipomwona. Alikuwa anatembea katikati ya wauza mboga, amevaa koti la kijivu la ofisini, tai, na kofia, mkononi ana mkoba wa ngozi wa enzi za ukarani. Anauliza njia kwa kila mtu na kila mtu anamwelekeza kwa heshima, wakidhani labda ni mkaguzi wa majengo. Alipanda zile ghorofa tano bila kupumzika. Alipofika alisema, "Maji," akanywa, akafungua mkoba. Ndani mlikuwa na nyundo ndogo, kipande cha mti mgumu na lile jiwe.

Kukitoa chuma cha tezo kwenye mpini ni kazi ya subira. Unagonga kwa nyuma, kidogo, unazungusha, unagonga tena. Mutinda alivua koti, akalikunja, akaketi sakafuni. Mwende akamulika kwa simu ingawa mwanga ulikuwapo. Nilitazama vidole vya kaka yangu, vile nilivyovijua kwa kupiga mihuri, vikitafuta mahali pa kugonga kana kwamba vinasoma maandishi. Alipiga mara tisa. Chuma kikatoka kizima. Mpini haukupata hata mstari.

Akakiweka kile chuma katika kiganja, bila mpini, akakipima uzito.

"Sikujua ni chepesi hivi," akasema. "Nilikuwa nakikumbuka kizito."

Mwende akatuwekea chai, na tukala mahindi ya Mama Nekesa. Kaka alilala kwenye kochi, akakoroma kwa sauti ya karani asiye na deni na mtu.

Uwanja wa ndege

Alfajiri Mutinda alisema atarudi na gari la Mwende baada ya kunisindikiza. Hakuna aliyemwomba. Mbele ya mlango wa abiria alinipa mkono, akanishika bega, akasema, "Ukifika, kula." Chuma cha tezo kilikuwa ndani ya mkoba wake, kimefungwa kwa leso ya mke wangu.

Kwenye mashine ya kukagua mizigo, begi langu lilisimamishwa. Afisa, kijana mrefu mwenye usingizi, akautoa mpini.

"Mzee, hii ni rungu?"

"Ni mpini."

"Wa nini?"

"Wa tezo."

"Na tezo iko wapi?"

"Iko na kaka yangu, anarudi nayo Jericho."

Akaugeuza. Akaushika kama nyundo, akaona vidole vyake haviingii mahali pa vidole vyangu. Watu nyuma yangu walikuwa wanaguna. Mama Nekesa, aliyekuwa ameshapita, akapaza sauti kutoka ng'ambo: "Mupatie mpini yake! Huyo ni mtu mwaminifu, lakini hajui kula kuku!"

Afisa akacheka, akanirudishia. Sijui kama sheria inaruhusu mpini, na sikurudi kuuliza.

Ujerumani nimeshawasimulia. Walinipa tezo la dukani, zuri, linang'aa, na chuma chake hakikukubali mpini wangu hata tulipokibembeleza. Siku ya kwanza nilichonga twiga aliyefanana na mbuzi aliyepata habari mbaya. Watu walipiga makofi. Siku ya tatu mkono ulizoea kidogo, na siku ya sita nilichonga kitu ambacho ningeweza kukileta hapa bandani bila aibu. Kumbe inawezekana kuvaa kiatu cha mwenzako, ila kinauma.

Kurudi

Mwende alinipokea. Nilipowasha simu, nikampigia kaka.

"Umefika salama?"

"Nimefika. Nakuja sasa hivi kuchukua chuma changu, jioni Kioko ananirudisha nyumbani."

"Usije leo."

"Kwa nini? Unaumwa?"

"Siumwi. Lina kazi."

Akakata. Mwende akauma mdomo, akatazama barabara, na nikajua kuna kitu anakijua. Nikamwambia ageuze gari kuelekea Jericho.

Tulisikia kabla ya kuona. Ko, ko, ko, ule mlio mnaoujua, ukitoka kati ya zile nyumba za manispaa. Kiti cha mlangoni hakikuwa na mtu. Kaka alikuwa katikati ya uwanja wa nguo, juu ya kigoda, miguu imezama katika mabanzi ya mjakaranda. Tawi kubwa lilikuwa limeanguka nyuma ya nyumba zao, akawaomba majirani wamburutie. Kando yake imepangwa miko minne na bakuli, na wanawake wawili wamesimama wakibishana nani alitangulia kuagiza. Mkononi ana tezo la baba, lenye mpini mpya, mweupe bado, uliochongwa kwa kiganja chake.

Niliingiwa na mambo mawili kwa pamoja, na nitayataja yote kwa kuwa ninyi ni watu wangu. Kwanza wivu, maana wazee hawakuongopa: baada ya miaka arobaini mkono wake ulikuwa mwepesi kuliko wangu. Pili furaha. Nilikuwa nimekuja na maneno yangu tayari, ya mtu anayedai chake. Nikasimama mbele yake nikiwa na mpini wangu ndani ya begi, na yale maneno nikayaacha humohumo.

"Kaka," nikasema, "kaa nalo."

Hakuinua kichwa.

"Kwani nilikuomba?" akasema. "Nilishakaa nalo. Sogea kidogo, unanizibia mwanga."

Nikasogea.